Holihoki iliyogoma: kusoma dalili kuanzia jani la chini

Holihoki, Alcea rosea kwa jina la kitaalamu na khatmi kwa Waarabu, ni ua la ukoo mmoja na bamia, pamba, choya na hata mbuyu. Shina lake hupanda wima mita 1.5 hadi 2.5, na maua hufunguka moja moja kuanzia chini kwenda juu. Kwenye nyanda za juu kama Limuru, Nyeri, Arusha, Lushoto na Njombe huweza kupendeza sana kwenye tuta la jua mbele ya ukuta. Huweza pia kukaa miezi minane bila ua hata moja, majani yake ya chini yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto.

Undugu wake na bamia una faida kwa mkulima. Aliyewahi kulima bamia au pamba anawajua tayari nusu ya maadui wa holihoki: vidukari, viwavi wanaokunja majani, utitiri mwekundu, kangambili. Adui mmoja tu ndiye mgeni kwake, na huyo ndiye anayeua bustani nyingi kuliko wengine wote. Tutaanza naye.

Kabla ya kwenda duka la pembejeo, jibu maswali matatu. Tatizo limeanzia jani la chini au la juu? Liko juu ya jani au ukilifunua? Na mmea una umri gani tangu mbegu ilipoota? Swali la tatu watu hulipuuza, kumbe ndilo linaloamua mambo mengi, kwa kuwa holihoki huishi maisha mafupi. Mwaka wa kwanza hujenga mzizi na majani yaliyotandaa chini, wa pili hutoa shina na maua, na ukifika wa tatu au wa nne huwa umechoka. Kuuhangaikia mmea wa mwaka wa nne kwa dawa ni kupoteza fedha.

Vipele vya rangi ya chungwa chini ya majani

Juu ya jani utaona vidoa vya manjano vyenye kitovu cha rangi ya kutu. Geuza jani: chini yake kuna vipele vilivyovimba, vya chungwa iliyokolea mwanzoni, kisha vya kahawia na mwisho vya kijivujivu. Vikizidi hupanda kwenye vikonyo, kwenye shina na kwenye vikombe vya kijani vinavyoshika ua. Majani ya chini hujikunja, hukauka na kuning'inia, nayo ya juu hufuata.

Hiyo ni kutu ya holihoki, kuvu aitwaye Puccinia malvacearum. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Uingereza ilimpata mwaka 1873, na leo ameenea karibu kila mahali holihoki inapolimwa. Jaribio la kumtambua ni rahisi: pitisha kidole juu ya kipele. Kutu ya maharage huacha unga wa kahawia kidoleni. Hii ya holihoki haiachi unga wa maana. Utahisi vinundu vigumu kama chembe za mchanga zilizogandishwa kwenye jani. Na kama unalima kahawa au maharage jirani, usiogope: kutu zao ni nyingine na haziambukizani na hii.

Ugumu wake uko kwenye mzunguko wake wa maisha. Kuna kutu zinazohitaji mimea miwili tofauti ili zikamilishe maisha yao, kwa hiyo ukiondoa mmoja umevunja mnyororo. Hii haina haja ya mwenzi. Vipele huota palepale kwenye jani, hutoa mbegu zake ndogo, na hizo hurukia jani la jirani. Kinachohitajika ni jani kubaki na unyevu kwa saa kadhaa na hewa ya ubaridi, hali ambayo Limuru huipata karibu kila usiku. Mvua zikikatika kuvu hafi. Hubaki kwenye machipukizi ya shinani, kwenye majani makavu yaliyoachwa chini, na kwenye magugu ya jamii ya malva yanayoota kando ya njia na kwenye mabanda ya ng'ombe, yale yenye majani ya mviringo yaliyokunjamana na matunda kama vijibini vidogo.

Kazi ya kufanya, kwa mpangilio huu:

1. Siku kavu, umande ukishakauka, kata kila jani lenye vipele pamoja na kikonyo chake. Uchague siku kavu kweli, maana ukilishika jani lililolowa unaeneza ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Majani yaingie mfukoni moja kwa moja, kisha yachomwe au yafukiwe sentimita 30 au zaidi. Yasiende kwenye shimo la mboji.
2. Ng'oa malva zote za porini kwenye kiwanja. Hili watu huliruka, halafu hushangaa kutu imerudi baada ya wiki tatu.
3. Pima nafasi. Kati ya shina na shina ziwe sentimita 60. Zikiwa 30, ng'oa mmea mmoja katika kila miwili. Inauma, lakini majani yanayogusana hayakauki.
4. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Mpira unaorusha maji juu ya majani ndio chanzo cha kutu nyingi za kiangazi, wakati ambapo mvua hazina lawama yoyote.
5. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ukiacha sentimita 5 hadi 7 wazi kuzunguka shina. Matandazo huzuia matone kurusha udongo wenye kuvu kwenye majani ya chini.

Dawa huja baada ya hayo. Mankozebu ya unga, gramu 50 kwa bomba la lita 20, ni kipimo cha kawaida kwenye lebo nyingi, lakini lebo ya pakiti uliyonunua ndiyo ya kufuata. Ni dawa ya kinga: hukaa juu ya jani na haimtoi kuvu aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo hupigwa kabla, mvua zinapokaribia, na kurudiwa kila siku 7 hadi 14, upande wa chini wa majani ukilowa vizuri. Ukianza kupiga vipele vikiwa vimejaa, umechelewa. Dawa zinazoingia ndani ya jani, kama tebukonazoli au azoksistrobini, husaidia zaidi ugonjwa ukiwa mwanzoni, ila usirudie aina moja msimu mzima, maana kuvu huzoea. Salfa nayo hufaa, lakini sio jua likiwa kali kupita nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili tangu upige mafuta ya mwarobaini. Vyote viwili huunguza majani.

Maua yakiisha, kata shina zote zibaki sentimita 10 hadi 15, fagia tuta hadi lionekane tupu, na mmea uliomaliza mwaka wake wa pili uung'oe. Panda miche mipya kila mwaka, ikiwezekana tuta jingine. Kama kutu imekushinda misimu miwili mfululizo, badilisha aina: Alcea ficifolia, yenye majani yaliyochanika kama ya mtini, na Alcea rugosa yenye maua ya manjano, huistahimili zaidi. Hazina maua mazito ya safu nyingi, na ukiziona zimesimama na majani yao yote hutayakumbuka.

Madoa yasiyo na vinundu

Madoa bapa, ya mviringo, yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa zambarau ni madoa ya kuvu wengine, na mara nyingi hayaui. Ondoa majani hayo, punguza msongamano, basi. Ukiona mabaka meusi yaliyodidimia kwenye shina na kwenye vikonyo, huo ni ugonjwa wa chule. Mche mdogo ukishikwa na chule shinani hauponi, ung'oe. Na majani mawili matatu ya chini kugeuka manjano na kukauka wakati shina linapanda kwa kasi si ugonjwa hata kidogo. Mmea unahamisha chakula chake juu. Panda mbele yake maua mafupi ya kuficha miguu hiyo, lakini yakae sentimita 40 mbali ili hewa ipite.

Majani tele, maua hakuna

Lalamiko hili ndilo la pili kwa wingi, na sababu zake ni nne. Zichunguze kwa mfuatano.

Umri na aina. Aina nyingi za zamani, kama Chater's Double yenye maua mazito au Nigra yenye maua meusi ya zambarau, ni za miaka miwili. Hukaa majani matupu mwaka wa kwanza, na huchanua baada ya kupitia kipindi cha baridi. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 na zaidi, usiku wa Juni hadi Agosti huwapa baridi hiyo. Chini ya hapo mambo huwa ya kubahatisha, na pwani usitegemee. Kwa sehemu zenye joto tafuta aina zinazochanua mwaka uleule wa kupandwa, kama Majorette, ambayo ni fupi, au Summer Carnival. Hizo hutaka takriban miezi minne hadi mitano tangu kusia.

Kalenda ya pakiti. Pakiti nyingi za mbegu zimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira manne. Ikisema "sia Juni", haikujui wewe. Lengo lako ni kuhakikisha maua yanafunguka wakati wa ukavu. Nairobi, Limuru, Arusha na Moshi, aina za mwaka mmoja zikisiwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba huchanua Januari na Februari, kabla ya masika. Aina za miaka miwili zisie Machi au Aprili, zipite baridi ya katikati ya mwaka zikiwa na mzizi mnene. Mbeya, Iringa na Njombe, ambako mvua ni moja ya Novemba hadi Aprili, sia Desemba au Januari upate maua kiangazi. Baridi kali ya Juni haiwadhuru. Walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba hugeuza kila kitu: hupanda joto la kiangazi likishapungua, Oktoba hivi, na kuona maua kabla joto halijarudi.

Jua. Holihoki hutaka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi. Hapa ukuta huwadanganya watu. Kusini mwa ikweta, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Nairobi mwezi Juni, ukuta wa mita 2 unaokwenda mashariki-magharibi hutupa kivuli cha takriban sentimita 90 upande wake wa kusini saa sita mchana. Njombe kivuli hicho hufika mita 1.3. Tuta lililochimbwa Januari likiwa kwenye jua kali linaweza kuwa kwenye kivuli Juni yote. Lihamishie upande wa kaskazini wa ukuta, au lisogeze mbele kupita kivuli hicho. Ukuta unaokwenda kaskazini-kusini huupa kila upande nusu siku tu, na hapo hakikisha hakuna mti wala nyumba inayopunguza saa hizo chache.

Naitrojeni nyingi. Majani mapana kama sahani, ya kijani kizito, laini ukiyashika, na vidukari wamejaa kwenye ncha: tuta limelishwa samadi mbichi ya kuku, au mtu amemwaga urea au CAN ya mahindi. Acha mbolea hizo kabisa. Mwagilia kwa kiasi, na ukitaka kuongeza kitu weka NPK 17:17:17 gramu 30 kwa mita ya mraba, mara moja tu, shina linapoanza kunyanyuka.

Vitumba vikitokea halafu vikakauka bila kufunguka, kwanza shuku maji. Wakati wa kupanda shina, mmea mmoja wakati wa ukavu hutaka lita 8 hadi 10 mara mbili kwa wiki, zimwagwe polepole zishuke hadi kwenye mzizi. Vikombe vya maji kila jioni hulowesha vumbi tu. Ukikuta vitumba vina vitundu, vipasue uone kama kuna kiwavi ndani. Walioko Ulaya na Marekani watafute pia fukusi mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, Rhopalapion longirostre, anayetoboa vitumba ili kutaga.

Mmea umedumaa

Ukifika miezi mitatu na bado uko kimo cha kiganja, majani yana wekundu wa zambarau pembeni, fikiria udongo kwanza. Panapostawi chai, holihoki hununa. Udongo mwekundu wa Limuru, Kericho, Lushoto na Njombe mara nyingi una pH chini ya 5.5, na katika uchachu huo fosforasi hufungwa, mizizi isiipate. Holihoki hupenda 6 hadi 7.5. Pima udongo, kisha changanya chokaa ya kilimo takriban gramu 200 kwa mita ya mraba katika sentimita 20 za juu, angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda. Jivu la kuni hufaa kuongezea, lakini lisizidi kikombe kwa mita ya mraba.

Sababu ya pili imejificha ardhini. Holihoki huteremsha mzizi mkuu mmoja kama karoti ndefu. Mche uliokaa kwenye kopo fupi kwa miezi miwili mzizi wake umezunguka chini, na ukishazunguka haunyooki tena. Chimbua mmoja uone. Kama mzizi una umbo la ndoano, hakuna tiba, anza upya. Sia kwenye viriba virefu vya sentimita 15 au kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, na uhamishe miche ikiwa na majani halisi 3 au 4, bila kuvunja udongo wake. Shimo liwe sentimita 40 kwenda chini na upana huohuo, na udongo wake uchanganywe na nusu debe ya samadi iliyooza vizuri. Kuhamisha mmea mkubwa wenye shina ni kuuchimbia kaburi.

Umenyauka ghafla

Jana ulikuwa mzima, leo umelala. Shika shina karibu na ardhi, uvute taratibu.

Ukitoka wote mkononi bila mzizi, au na kisiki kilichotafunwa, ni kazi ya fuko. Kwenye nyanda za juu mzizi wa holihoki ni karamu kwake. Dawa ya majani haina maana hapo. Tega mtego kwenye njia yake, na upandaji ujao utandike shimo kwa wavu wa waya hadi sentimita 40, kama kikapu, ukiacha chini wazi kidogo kwa ajili ya mzizi mkuu au ukitumia wavu wenye matundu ya sentimita 2 unaopitisha mizizi.

Mche mdogo uliokatwa sawa na ardhi na kuachwa umelala hapohapo ni wa sota. Fukua asubuhi sentimita 3 hadi 5 kuuzunguka, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama pete. Zungushia kila mche kipande cha kopo, sentimita 5 juu ya ardhi na 2 chini.

Mzizi ukitoka mzima lakini umelainika, wa kahawia, na unanuka, umeoza kwa maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Athi River na Kitengela hushika maji hadi mzizi ukose hewa. Inua tuta sentimita 20 hadi 30 na uchimbe mfereji wa kutolea maji. Mmea wenyewe umekwisha. Na mizizi yenye vinundu kama shanga ni minyoo fundo. Usipande tena hapo holihoki, bamia wala nyanya kwa misimu miwili au mitatu. Panda bangi mwitu, yaani maua ya marigoldi (Tagetes), zilizosongamana.

Majani yametoboka, yamekunjwa, au yamefifia

Majani yaliyofifia kana kwamba yamenyunyiziwa vumbi jeupe, na utando mwembamba chini yake: utitiri mwekundu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Chembe zinazotembea ndizo. Huzidi kiangazi, hasa tuta likiwa kando ya barabara ya vumbi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Majani yatakauka mapema hivyo kutu haitapata nafasi. Wakibaki, tumia kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 1, jioni, ukianza na jani moja na kungoja siku moja uone kama linaungua. Abamektini huwamaliza, ila huwaua nyuki pia. Ua likishafunguka, iache kabatini.

Jani lililosokotwa kama sigara, na kinyesi cheusi ndani, lina kiwavi mkunja majani, yuleyule wa pamba na bamia. Minya kwa vidole. Kwa tuta la mita chache hakuna njia iliyo haraka kuliko hiyo. Matundu madogo madogo kama ya chujio ni ya mbawakavu warukao kama viroboto. Mmea mkubwa huwavumilia, miche ifunikwe chandarua. Matundu makubwa yenye njia ya ute unaong'aa ni ya konokono na koa: toka na tochi usiku, uwaokote.

Shina limelala

Upepo mmoja wa mvua unatosha. Nguzo ya mwanzi ya mita 2.4, ikizama sentimita 60 ardhini, huwekwa shina likiwa na sentimita 40 tu. Ukingoja limee utachoma mzizi mkuu kwa nguzo. Funga kwa kamba ya katani kila sentimita 40 hadi 50, kwa mfungo wa nane ili shina na nguzo visisuguane. Shina linaloinama kwenda mbele kutoka ukutani bila upepo linatafuta jua. Rudi kwenye hesabu ya kivuli hapo juu.

Mbegu hazioti, au rangi imebadilika

Mbegu ifunikwe udongo wa nusu sentimita hadi moja, si zaidi. Iloweke usiku mmoja kama bamia. Huota kwa siku 10 hadi 14, na za kuchelewa hufika wiki tatu. Miche ikianguka kwa kukonda shingoni usawa wa udongo, ni kinyausi: udongo umelowa mno na miche imebanana.

Ukivuna mbegu zako mwenyewe, ngoja kidonge chake kikauke na kuwa kahawia, kisha zibinye kwa kucha. Zilizo tupu au zenye alama ya kufyonzwa zimepitiwa na kangambili, wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaojazana kwenye vidonge. Watikise waangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni kila asubuhi tangu vidonge vinapofunga. Na kama ulivuna mbegu za mmea mwekundu ukapata wa waridi na mweupe, nyuki walichanganya. Anayetaka rangi moja tu apande rangi moja tu, au avishe mfuko wa chachi kwenye vitumba vichache kabla havijafunguka, avichavushe kwa brashi ndogo, na afunge uzi vidonge hivyo ili asivisahau wakati wa kuvuna.